Stoo Imezama, Leja Iko Salama

Jumatatu, tarehe 9

Maji! Saa moja asubuhi fundi bomba kagonga mlango wangu kama umemkosea. Bomba kubwa limepasuka, chumba cha chini ya jengo kimejaa mpaka ngazi ya nne. Akauliza kama jengo lina pampu. Nikamjibu kwa fahari kwamba ipo, mpya, haijawahi kuguswa na mtu. Akauliza iko wapi. Iko stoo ya dharura. Stoo ya dharura iko chumba cha chini.

Akauliza tochi. Huko huko. Mabuti ya mpira? Huko huko. Ndoo tuliziona kwa macho, zinaelea nyuma ya mlango wa wavu, na kufuli langu limefungwa barabara. Hakuna aliyeiba hata moja! Sikupongezwa.

Nesi mstaafu wa ghorofa ya pili kashuka, katazama maji, kanitazama mimi. Akataka kujua ni nani aliyeweka vifaa vya mafuriko mahali mafuriko yanapoanzia. Nikamweleza kwa utulivu kwamba chumba kile hakina dirisha, mwizi hapati pa kuingilia. Akasema ni kweli, hata maji hayapati pa kutokea. Watu wote ngazini wakacheka. Mama huyu ananitafuta.

Fundi kaazima pampu jengo la jirani. Alasiri sakafu imeonekana. Mwenyekiti wa wapangaji ni mtu mpole, kila jambo husema tutalitazama. Leo hakusema hivyo. Kasema Jumamosi saa nne kamati itakagua stoo, na mambo yakiwa ovyo, ufunguo atapewa Nesi.

Ufunguo wangu! Miaka thelathini na moja nilikuwa mtunza stoo kiwandani. Watu walipanga foleni dirishani kwangu na fomu zao mkononi. Tangu nistaafu hakuna anayeniomba hata msumari. Ufunguo huu ndio umenibakia, na nikikumbuka hilo roho inaniuma. Hauendi ghorofa ya pili ng'o.

La kushukuru ni moja. Leja, daftari langu la hesabu ya stoo, ni kavu kabisa. Huwa naiweka nyumbani, ghorofa ya nne, juu ya kabati, ndani ya mifuko mitatu ya plastiki.

Jumanne, tarehe 10

Uokoaji. Nesi kaja bila kuitwa, na masharti. Mchele na unga uliolowa utupwe wote, maana maji yale yamechanganyika na ya mitaro. Makopo yaliyovimba au kutoboka yatupwe. Yaliyo mazima yaoshwe kwa sabuni, yasuuzwe kwa maji ya dawa, yakaushwe, kisha kila kitu kihamie juu. Nimemwambia nimesikia. Hiyo ya sabuni nilikuwa nimeshaifikiria mwenyewe.

Mchele na unga nimetupa. Ulishaanza kunuka, na mke wangu alisema nichague kati ya gunia na yeye. Makopo ni habari nyingine. Leja inasema makopo tisini. Yaliingia tisini, lazima yaonekane tisini. Kutupa kopo kunahitaji fomu ya kutupa, na fomu za kutupa zilikuwa stoo. Sasa ni uji.

Saba yamevimba. Nimeyaweka chini ya kitanda hadi hapo nitakapoamua. Mke wangu hajui.

Kuna tatizo dogo zaidi. Karatasi zote zimebanduka. Picha za maharage, samaki na mananasi nimezizoa sakafuni kwa koleo. Makopo yenyewe yako uchi, yanang'aa, na hakuna linalotofautiana na mwenzake.

Jumatano, tarehe 11

Leo viberiti. Boksi arobaini, zote chepechepe. Nilitaka kuzianika, lakini mbingu imenuna tangu asubuhi. Nikapata wazo: pasi! Moto mdogo, kitambaa juu, taratibu. Boksi la kwanza safi. La pili safi. La tatu likawaka, likawasha la nne, likawasha pazia.

Nimezima kwa sufuria ya maji ya kunywa. Kwa upande wa kazi hii ni habari njema, viberiti vyetu bado vinawaka. Mke wangu hataki kuutazama upande huo. Anataka pazia.

Nesi kapita ukumbini, kasikia harufu, kauliza kulikoni. Nimemwambia napima ubora wa bidhaa. Kaandika kitu kwenye daftari lake.

Alhamisi, tarehe 12

Nimegundua mbinu! Kopo linajisema lenyewe ukilitikisa karibu na sikio. Maharage yanasema chaka-chaka. Samaki anasema dufu. Mananasi yanasema chubwi. Nimetikisa kutwa nzima mpaka mkono umekufa ganzi, na ninaandika kwa kalamu nene. Jioni nikajumlisha: maharage sitini na mbili, samaki tisa, mananasi kumi na tisa. Leja inataka thelathini, thelathini, thelathini.

Leja haikosei. Kwa hiyo masikio yangu ndiyo yamekosea. Nimefuta na kuandika upya, thelathini kila aina. Hesabu imelingana kama maji mtungini. Hata kiwandani sikuwahi kupata mlingano mzuri hivi.

Mama mkwe alifika bila taarifa kumsalimia binti yake. Mke wangu hakuwa na kitoweo, akachukua kopo moja la SAMAKI mezani, akalimimina kwenye kitunguu kilichokuwa kinakaangika. Mananasi. Na sharubati yake yote. Mama mkwe kwa heshima zake alikula wali wake wote akamaliza, akashukuru, akasema siku hizi vijana mna mapishi. Mimi nina miaka sitini na tatu. Mke wangu kaniwekea kopo tupu mbele ya sahani, maandishi ya SAMAKI yamenielekea.

Makopo sasa themanini na tisa.

Ijumaa, tarehe 13

Balaa! Mchana, nikiwa nimejipumzisha, kishindo chini ya kitanda. Nikadhani bomba tena. Kumbe kopo moja lililovimba limepasuka. Harufu ile sina neno lake. Mke wangu kafungua madirisha, kachukua mkoba, kaenda kwa dada yake. Kaniambia akiwa mlangoni kwamba atarudi siku mimi na makopo tukiachana.

Nilikaa peke yangu na mbu, maana pazia halipo. Kusema kweli nilikosa raha. Lakini ukaguzi ni kesho, na leja haina safu ya huzuni.

Themanini na nane. Yanahitajika mawili. Nimetafuta nyumba nzima. Kopo moja la maziwa ya unga, kimo kilekile: MAHARAGE. Kopo moja la rangi ya mlango, bluu, halijafunguliwa, nikalikwangua maandishi: SAMAKI. Usiku nimeyarudisha yote stoo, na yale sita yaliyovimba nimeyapanga safu ya nyuma kabisa, tumbo limetazama ukutani.

Tisini!

Jumamosi, tarehe 14

Nimevaa koti langu la kiwandani. Saa nne kamili wakashuka, Mwenyekiti, Nesi na wajumbe watatu. Stoo imefagiwa, makopo yamesimama safu tisa, kumi kila safu. Mwenyekiti akahesabu kwa kidole, akatazama leja, akahesabu tena. Tisini. Maharage thelathini, samaki thelathini, mananasi thelathini. Akatabasamu. Nikaona kabisa ufunguo ukibaki mfukoni mwangu.

Nesi akaomba ruhusa. Akavuta kiti, akakaa, akaanza kugonga makopo kwa vidole viwili, taratibu, kama anapima tumbo la mgonjwa. Hakuharakisha hata kidogo. Alipofika nyuma akatoa moja, akaliweka pembeni. La pili. La tatu. Yote sita! Akauliza haya yalikuwa yanasubiri kumwua nani. Nikasema yalikuwa yanasubiri fomu.

Kisha akashika SAMAKI wa safu ya mbele, akampima uzito mkononi, akasema huyu samaki ameshiba sana. Mwenyekiti, ambaye bado alikuwa upande wangu, akasema tumalize ubishi, akalibana kopo kati ya mapaja na kuchomeka bisibisi kwa nguvu zake zote.

Suruali yake ilikuwa ya kijivu.

Nimekabidhi ufunguo. Kwanza nimeufuta kwa pindo la koti, na sioni aibu kuandika hivyo. Nesi hakucheka, hilo namhesabia. Alisema, "Kaka, kuhesabu unajua. Lakini watu hawali leja." Mchana wote wakapandisha vitu kwenye rafu wazi ya ukumbi wa ghorofa ya pili, pampu mlangoni, tochi kwenye msumari ambapo hata mtoto anafikia. Kwenye kila kopo zima Nesi kaandika HATUJUI. Thelathini yangu ya kila aina, yote HATUJUI! Nimeshindwa kutazama.

Mwenyekiti kanifuata ngazini, bado wa bluu. Kanionea huruma. Kanipa kazi nyingine: mitungi ya kuzimia moto, sita, mmoja ukutani kila ghorofa. Kazi yangu ni kuitazama mara moja kwa mwezi na nisiguse chochote. Karudia mara mbili hiyo ya kutogusa.

Jumapili, tarehe 15

Mke wangu karudi. Kanusa chumba, kasema afadhali. Nimemwambia nimejifunza, nimebadilika, na yeye kanitazama sana lakini kaweka mkoba chini.

Baada ya chai nimekwenda kuitazama mitungi. Nimeshtuka! Imening'inia tu ukutani, haina mnyororo, haina kufuli, haina saini ya mtu. Yeyote mwenye moto wake anaweza kuchukua wakati wowote.

Kufikia saa nane nimeshaiondoa ukutani yote. Iko kwenye kabati la chuma juu kabisa, ghorofa ya sita, makufuli mawili, funguo zote shingoni mwangu. Anayehitaji mtungi ajaze fomu, nakala tatu, nami nitashughulikia siku za kazi.

Leja mpya inasema sita. Kabatini sita. Mke wangu anasema nimeanza tena kupiga mluzi, kama enzi za kiwandani.