Barua Nane za Kwenda Kaniama

Jumatatu, 1 Machi 1954
Kampuni yetu ya kuandikia watu barua imekua. Wateja wanane! Wote ni wake wa wanaume waliopelekwa Kaniama kutengeneza reli. Mimi ni direkta. Dada yangu mdogo, Delphine, ndiye anayeongea na wateja. Mimi nikitazamwa na mama wa watu husahau hata jina langu. Leo Baba Salomon, fundi baiskeli, amekubali kuwa mshauri wetu. Alianza na pampu moja, sasa ana duka. Ameahidi kwamba mteja akirudi kwa barua ya pili, tutapata meza kwenye baraza lake. Meza! Sasa naandikia jikoni, na kuku. Shauri lake la kwanza: kaa na kila mama, msikilize, andika. Nimelinakili kwa wino mwekundu.

Jumatano ya Majivu, 3 Machi
Kusikiliza kunachukua muda mno. Mama Ndaya peke yake alasiri nzima! Tena ananitazama. Nimewaza: shauri lile ni la mtu wa pampu moja. Kampuni inayokua inataka mpango. Nimetunga barua moja tamu (“Ee nuru yangu, mbingu hazina nyota tangu uondoke”) na kuinakili mara nane. Majina tu ndiyo tofauti. Delphine ameuliza kama nina homa. Wivu.

Ijumaa, 5 Machi
Barua zimeondoka na treni. Nimemwambia Baba Salomon nimefuata shauri lake. Amefurahi, amenipa la pili: usiseme uongo kwenye biashara. Wino mwekundu tena.

Alhamisi, 11 Machi
Balaa. Treni imeleta habari: kule kambini Kaniama anayejua kusoma ni mmoja tu, naye huwasomea wenzake wote kwa sauti. Kila mtoto wa reli anajua hilo. Mimi ni mtoto wa reli. Kwenye barua ya tatu wanaume walikuwa wakiitikia kama litania. Kwenye ya nane hakuna aliyecheka: waliulizana ni bwana gani huyu anayewafundisha wake zao wote mapenzi. Mama Ndaya amerudishiwa yake. Alikuja nayo dukani, mbele za watu. “Miye nilisema mutoto ameota meno! Meno iko wapi humu? Hii nyota njo ya nini?” Baba Salomon hakupaza sauti. Alisema tu, “Mwana, weye uko na mukono ya muzuri. Masikio ulimwachia nani?” Mama Ndaya asiporidhika, hakuna meza.

Jumamosi, 13 Machi
Nimekaa na Mama Ndaya, macho kwenye daftari, nikaandika kila alichosema. Mtoto ana meno mawili, amemng'ata padri. Mbuzi amekula paa la jikoni. Rudi kwa Pasaka, lete sabuni. Basi. Hakuna hata nyota moja! Nilipomsomea alicheka, kisha akajifuta macho. Papo hapo akaagiza barua ya pili, ya kwenda kwa mama yake kule Kabondo-Dianda. Baba Salomon akaitoa meza nje mwenyewe.

Jumapili, 14 Machi
Nimeijaribu meza baada ya misa. Haiyumbi. Sasa nimemwelewa mzee: barua ya kweli humgusa mtu. Kuitumia mara moja tu ni hasara. Kesho wanakuja wake kumi na wawili wa askari wa Base, ile kambi ya jeshi, na barua zao ziko tayari, zote kumi na mbili. Delphine ameuliza, na wale wasio na mbuzi? Nimemwambia watafute.