Yah: Taa Zenu Zimehamia Chumbani Kwangu

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Safari Ndefu ya Baiskeli,

Natumai u mzima na magurudumu yako yana upepo. Mimi ni mke wa yule fundi cherehani aliyejiandikisha kwenu kuendesha kilomita mia mbili, ilhali tangu tuoane hajawahi kuvuka soko kwa baiskeli. Naandika kwa heshima zote, nikiwa nimekaa kwenye mbao tupu. Sababu utaiona namba tatu.

Kanuni yenu inasema hakuna atakayeruhusiwa kuondoka bila taa ya mbele, taa ya nyuma na vazi la kuakisi mwanga. Kanuni hiyo, pamoja na maandalizi mengine ya safari, imetuvuruga kama ifuatavyo:

1. Taa ya mbele ameifunga kichwani kwa lastiki na anakula nayo mezani, eti aizoee. Mama mkwe sasa anakula amefumba macho. Akiomba chumvi, namwekea mkononi.

2. Taa ya nyuma inawakawaka nyekundu, na baiskeli inalala chumbani kwetu kwa kuogopa wezi. Jirani yetu muuguzi aliuona mwanga ule dirishani, akaja mbio na mkoba wa dawa kuuliza nani amezidiwa. Nilimwambia ni mimi.

3. Sponji ya kochi langu imegeuzwa kaptura ya safari, eti kiti cha baiskeli kisimuumize. Akipita sebuleni naliona kochi langu linatembea. Wageni wakija, anayekaa vizuri ni yeye peke yake.

4. Mzigo lazima uwe mwepesi, kwa hiyo amekata mipini ya miswaki. Alianza na wangu kwa majaribio. Kitambi chake, ambacho ndicho mzigo wenyewe, hakijaguswa.

5. Alipokuwa akishona lile vazi, suti ya bwana harusi mmoja ilikuwa juu ya meza hiyohiyo. Utepe wa kuakisi mwanga, wakati wa mchana, ni kijivu tu kama tepe nyingine, basi ukaishia kwenye suruali. Mpiga picha alipowasha taa yake, bwana harusi aling'aa kuanzia kiunoni kwenda chini, na bibi harusi hakuonekana kabisa. Koo mbili zinamtafuta mume wangu.

Kwa hiyo naomba mfute kanuni ya taa. Bila taa hawatapita gizani, basi waondoke jua limeshatoka na wafike kabla halijazama. Kwa mwendo wa mume wangu, muda huo hautoshi kilomita mia mbili, basi zipunguzeni. Njia inayofaa nimeshaichunguza: ianzie mlangoni kwetu, iishie dukani kwake, ambako nguo za watu zinamngoja. Medali niachieni mimi, nitamvisha.

Msalimie mkeo, hasa kama naye ana kochi. Wasalimie wajumbe wote. Yule fundi baiskeli aliyemtia mume wangu moyo msimpe salamu zangu, nitampelekea mwenyewe.

Wako katika ujenzi mpya wa kochi,

Mke wa Fundi

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, giza lilipoingia, mume wangu alitoka kwenda kujaribu taa barabara kuu. Nilisimama getini nikiitazama ile nyekundu, malori yakimpita, mpaka ikapotea kwenye kona. Niliogopa, Ndugu Mwenyekiti, niliogopa sana. Sikuingia ndani mpaka ile nyeupe ilipojitokeza ikirudi. Basi kanuni ya taa msiiguse. Ongezeni taa ya pili nyuma, na siku ya ukaguzi, yake ikaguliwe mara mbili.