Kumi na Wawili Walioshuka Farasini

Jumatatu, 3 Machi
Nimeibiwa! Visanamu vyangu kumi na viwili vya wapanda farasi walioshuka vimetoweka. Niligundua jana, baada ya chakula cha mchana. Kisanduku kitupu.

Pambano la klabu yetu ya vita vya visanamu mezani ni Jumapili. Sheria yetu haina huruma: wapanda farasi wakishuka kupigana, unawaondoa walio juu ya farasi, unaweka mezani walioshuka wenye sare ileile. Huna? Hawashuki. Wangu wasiposhuka kushika kilima mpaka askari wa miguu wafike, nimekwisha. Anayeshindwa huchemsha chai ya klabu mwaka mzima. Nimechemsha miaka mitatu. Mimi, niliyeanza na ndoo moja ya saruji, leo nina duka la vigae!

Mshukiwa: Threlfall. Mwalimu mstaafu. Mpinzani wangu.

Jumanne, 4 Machi
Nimempigia Threlfall. Nikamuuliza kwa upole kama amewaona wanangu. Akasema pole sana, mzee mwenzangu, labda wamechoka kuchapwa wakatoroka. Akacheka peke yake. Asiye na hatia hacheki hivyo.

Muuzaji wa visanamu naye anasema waliopanda wapo tele, walioshuka hawatengenezwi tena. Hivi wapanda farasi wa wenzangu huwa hawashuki?

Jumatano, 5 Machi
Nimepata akili. Askari wa miguu wa bluu ninao ishirini na wanne. Ng'oa shanta mgongoni, fupisha bunduki, paka mstari wa njano kwenye suruali: mpanda farasi kamili.

Wa kwanza amekatika kiunoni. Wa pili amepoteza mkono. Glenys, mke wangu, akapita akauliza hawa wanakwenda vitani au wanarudi.

Alhamisi, 6 Machi
Nimetengeneza kumi na wawili wazima! Wengine kumi na wawili wamekufa chini ya tupa. Nusu kwa nusu, si vibaya.

Jioni, katikati ya mkate wa nyama, nikaweka uma chini. Kilima kinashikwa mpaka askari wa miguu wafike. Askari wa miguu ndio hawa niliowakatakata!

Ijumaa, 7 Machi
Nimeazima abiria wa reli ya kuchezea ya jirani. Nikamtumia Threlfall picha, nikimwomba awakubali kama jeshi. Akauliza yule mwenye mwavuli ana cheo gani.

Jumamosi, 8 Machi
Glenys ameingia bandani kutafuta jembe, akatoka na kopo la jamu. Akauliza kitoweo hiki ni cha nani. Ndani ya mafuta ya breki wamelala wote kumi na wawili, uchi kabisa, metali tupu.

Nikakumbuka. Niliwaloweka mwenyewe mwezi uliopita, rangi ya zamani itoke. Na kwa nini? Kwa sababu Threlfall alisema bluu yao imepauka!

Glenys akasema basi, bwana, shida imekwisha, wapake rangi wakapigane. Hana akili ya kivita. Wapanda farasi walioshuka ninao tayari. Ninachokosa ni askari wa miguu, na hawa wa koponi ndio watakaokuwa. Na shanta zote nilizong'oa zimo kwenye kisosi. Gundi ninayo!

Jumapili, 9 Machi
Nimeshindwa. Rangi haikukauka. Kamanda wangu alinata kwenye kidole cha Threlfall akazungushwa ukumbi mzima, watu wanampigia saluti. Shanta tano zimepatikana kwenye biskuti.

Nimemwandikia Threlfall ujumbe huu:

"Ulisema bluu yangu imepauka, hukusema? Ndiyo au hapana. Sitaki hadithi. Nijibu kabla ya saa nne kesho asubuhi, la sivyo chai yako utainywa bila sukari mpaka Machi ijayo."