Ushindi wa Kusubiri katika Kivuko cha Kavuti

Ofisi ya Wadi ya Kavuti ilipenda kuwatangazia wananchi wote kwamba kivuko cha mawe cha mtoni kilichobomolewa na mafuriko hakitatengenezwa, na kwamba hayo ni mafanikio.

Aliyesoma tangazo hilo sokoni ni Bwana Nthiwa, Mkurugenzi wa Subira ya Kimkakati. Alikuwa ametoka semina huko Mombasa, alikofundishwa nadharia ya michezo: elimu ya kuamua jambo baada ya kupima mwenzako ataamua nini. Aliwaeleza wananchi kwamba kivuko kiko mpakani na wadi jirani ya Ilikoni. Kavuti ikikitengeneza, watu wa Ilikoni watavuka bure. Ilikoni ikianza, Kavuti itavuka bure. Kwa hiyo anayeanza ameshindwa.

Kalunde, mkulima wa nyanya aliyekuwa akiuza ng'ambo ya mto, aliuliza itakuwaje wote wawili wakikaa kungoja.

"Hiyo inaitwa mizani," alisema Nthiwa kwa upole. "Hakuna mwenye sababu ya kusonga."

Kalunde akasema nyanya zake nazo hazisongi, zinaoza tu.

Ng'ambo, Mkurugenzi Muindi wa Ilikoni alikuwa amehudhuria semina hiyo hiyo. Naye alikaa. Wajawazito wakawa wanazungushwa njia ndefu ya milimani, na Nthiwa akaandika ripoti nene kuhusu uthabiti wa hali.

Siku ya kuiwasilisha ofisi kuu ya Migwani, ng'ambo ya mto, aliona njia ya milimani itamchelewesha. Akaliingiza gari la ofisi mtoni. Likanasa katikati, na maji yakaanza kupanda.

Alimpigia msaidizi wake, Kanyiva, alete tinga limvute. Kanyiva alijibu kwa heshima kwamba magurudumu ya mbele yako Ilikoni, na kwamba Mkurugenzi mwenyewe anaujua msimamo wa ofisi. Nthiwa akampigia Muindi. Muindi akasema ya nyuma yako Kavuti.

"Nikikuvuta, utakuwa umefaidi bure," alisema Muindi, wala hakuwa na ubaya.

Kwa muda mfupi Nthiwa alijivunia elimu yake. Kisha maji yakafika kwenye kiti, akapanda juu ya gari.

Kalunde alifika ukingoni na maksai wawili na kamba. Akaketi juu ya jiwe.

"Mwaitu, mama yangu, tupa kamba," Nthiwa aliomba.

"Tunasubiri, Mkurugenzi. Agiza mawe na saruji, tukuvute."

"Nivuteni kwanza, nitaagiza."

"Ukishatoka, utakuwa na sababu gani ya kusonga?"

Nthiwa alipiga hesabu zote za semina. Zote zilimrudisha juu ya gari, na viatu vyake vilikuwa vimeshalowa. Akampigia Kanyiva simu kwa sauti ya kusikika ukingoni, akaagiza malori. Kalunde alishukuru, lakini hakuinuka. Lori la kwanza lilipomwaga mawe ndipo kamba ikarushwa, na maksai wakamvuta Mkurugenzi pamoja na gari lake hadi nchi kavu. Ripoti ilikwenda na maji.

Kivuko kilipokamilika, Ilikoni ilitangaza ushindi. Muindi akaandaa sherehe: hema, vipaza sauti na hotuba yenye kichwa "Tulivyowashinda Kavuti kwa Kukaa". Lakini asubuhi hiyo watu wake walikuwa wamevuka kwenda kununua nyanya kwa Kalunde. Muindi akahutubia viti, na mafundi wa mitambo, ambao walikuwa wakingoja amalize ili nao wavuke.