Kibali Kimekwisha Muda

Jumatatu, 3 Machi
Mpango umekamilika! Tangu Mganga Mkuu wa kliniki yetu ya macho anunue Msaidizi, ile programu ya akili bandia inayowapigia wagonjwa na kuwapangia tarehe, minong'ono ni hiyo hiyo: mtu wa kompyuta wa nini tena? Mtu wa kompyuta ni mimi. Nikajifunga kibwebwe. Msaidizi hawezi kugusa ratiba bila tokeni, yaani kibali cha muda. Kikiisha, mlango unafungwa mpaka kihuishwe. Nami nimepanga kihuishwe kwa kidole kimoja tu, kwenye simu moja tu. Kidole changu, simu yangu. Kila asubuhi nabonyeza, kliniki inapumua. Nani atanigusa?

Nimemweleza mke wangu. Kauliza kama ni tokeni za umeme, maana zinakaribia kuisha. Shukrani ya punda!

Jumanne, 4 Machi
Fundi mpya, tunayemwita Miwani, kauliza kikaoni kwa nini Msaidizi asijihuishie kibali mwenyewe kabla hakijaisha. Eti ni kazi ndogo. Eti nikiugua je? Nimejibu kwamba siugui. Nikatia neno usalama kila nilipopata nafasi. Baadaye namkuta ndani ya mfumo, anachungulia mipangilio yangu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nyumbani, baba mkwe kafika na kibegi chake. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari bingwa wa upasuaji anakuja kliniki kwetu Ijumaa. Mke wangu kaniomba nimfuatilie mzee mimi mwenyewe, nisitegemee mashine. Nimesema Msaidizi atapiga simu, ndiyo kazi yake. Mzee kampakata mjukuu, kampapasa pua. Anasema ni pua ya marehemu mkewe, ila hilo anataka kulithibitisha kwa macho.

Jumatano, 5 Machi
Nimemkomesha Miwani! Nimefungua orodha ya vibali ili nifute chake. Majina hayasomeki, herufi na tarakimu tupu. Kipi chake? Nikafuta vyote. Miwani yuko nje ya mfumo, kashika tama. Raha iliyoje!

Alasiri Msaidizi akaanza kunitumia ujumbe: sina kibali. Tena: sina kibali. Mlalamishi! Nikabonyeza simu kama kawaida. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya. Mtandao huu, mtandao huu! Nikazima arifa, nikaenda zangu nyumbani.

Alhamisi, 6 Machi
Sijui nianzie wapi. Jana safari ya daktari bingwa ilihamishwa kutoka Ijumaa hadi leo, Msaidizi akatakiwa awaarifu wagonjwa wote waje leo. Hakuarifiwa hata mmoja. Asubuhi daktari kasimama chumba cha upasuaji, taa zinawaka, glavu mkononi, vitanda vitupu. Nikampigia mke wangu amlete mzee mbio. Hakupokea, simu ilikuwa ikichajiwa jikoni. Daktari akavua glavu, akaaga. Hatarudi mwaka huu.

Miwani kaeleza mbele ya wote: nilipofuta vibali vyote, nilifuta na kile cha simu yangu. Kidole kilikuwa kinabonyeza hewa. Alisema kwa upole. Upole wenyewe ndio ulioniuma.

Jioni nimekuta shati la mzee limepigwa pasi, limetundikwa mlangoni kwa ajili ya kesho. Mke wangu alikwisha kumwambia. Mzee hakugomba. Alisema tu, "Si kitu, mwanangu. Niletee mtoto hapa dirishani, penye mwanga." Akamwinua, akamgeuza huku na huku, akamsogeza karibu na uso. Kisha akamrudisha, akasema amekuwa mzito. Nimekula peke yangu, chakula kimepoa.

Ijumaa, 7 Machi
Msaidizi anajihuishia mwenyewe sasa. Miwani kamaliza kabla ya chai. Kibali kinaisha, kingine kinaingia, hakuna anayejua. Mimi nimehamishiwa stoo ya fremu na lenzi.

Mzee amerudi kwao. Mke wangu kamsindikiza kituoni, kamshika mkono, mtoto mgongoni. Sikuambiwa saa ya basi. Nyumba imenyamaza kama matanga yamekwisha.

Jumatatu, 10 Machi
Stoo haina dirisha. Vumbi, maboksi, baridi. Lakini nimetumia akili! Kufuli la mlangoni lina funguo mbili. Mmoja ninao mimi, wa pili ulikuwa umetundikwa mapokezi, kila mtu auchukue atakavyo. Hatari! Nimeuchukua, nikautumbukiza chooni, nikavuta maji. Sasa anayetaka hata skrubu ya miwani atapita kwangu. Nikatoka, nikafunga kufuli kwa kishindo, ili wote wasikie.

Mganga Mkuu kaja sasa hivi na mama mmoja anayehitaji fremu. Wamesimama hapa, wananisubiri. Nimepapasa mifuko yote. Ufunguo wangu nimeuacha ndani, mezani. Nimewaambia ni utaratibu mpya wa usalama.