Maji ya Wodi ya Wazazi Tunayahendo

Mheshimiwa mimi mwenyewe. Mheshimiwa mke wangu. Mheshimiwa dereva wangu, uliyeacha gari likinguruma ili kiti changu kisishike joto. Daktari mkuu, wakunga, na ninyi kina mama mliotolewa vitandani mje kunipigia makofi: wote mmetajwa, hata niliowasahau! (Makofi. Kichanga kinalia.)

Ndugu zangu, Kiingereza kina kitenzi kimoja, handle, ambacho ukikielewa vizuri hutasikia kiu tena. Maana yake ya kwanza ni kushika, kama ninavyoshika kipaza sauti hiki. Ya pili ni kusimamia, kama ninavyosimamia bajeti. Ya tatu ni kuvumilia, na hiyo tumewaachia ninyi. (Minong'ono.) Ya nne, uti wa mgongo wa stratejia yetu, ni kulipokea tatizo, kulikalisha kitini, kulifanyia semina, wokshopu na kamati ndogo, mpaka lenyewe lisahau lilikuja kufanya nini. Kwa hiyo msiseme wodi ya wazazi haina maji. Semeni, maji tunayahendo!

(Mama mmoja, kamshika mkono binti yake ambaye tumbo limeshashuka: "Baba, huyu ni leo au kesho. Mjukuu wangu nimwogeshe kwa hicho kitenzi?" Vicheko.)

Swali zuri, mama yangu, na tayari nimelihendo. Takwimu zinaonyesha kuridhika kwa wananchi kumepanda kwa asilimia mia na kumi. Wasioridhika hatukuwahesabu, wangetuharibia wastani. Sasa shuhudieni! (Anafungua bomba. Maji yanatoka. Vigelegele, kamera. Ananawa mikono polepole. Yule mama anawahi na ndoo, maji yanakata.)

Taratibu, mama, pupa si maendeleo! Maji, kila wodi! Hendo, kila ofisi! Subira, kila nyumba! (Makofi ya wachache.)

Nimalizie kwa shukrani. Ahsanteni wafagiaji na kina mama mliopanda ngazi tangu alfajiri na ndoo vichwani, mkalijaza lile pipa nyuma ya ukuta, maana bila ninyi bomba hili lingeniaibisha. Ahsante fundi, ling'oe bomba polepole usilikwaruze, kesho tunalizindua hospitali nyingine. Na shukrani za pekee kwako, mama wa ndoo. Nimeambiwa maji niliyonawa ndiyo yale uliyomtekea binti yako ya kujifungulia. Yalikuwa safi sana, mama. Mungu akuzidishie.