Hadubini ya Chumba Namba Sita

Mheshimiwa Chifu wetu, ambaye hakuweza kufika lakini koti lake naliona pale kwenye kiti. Mheshimiwa Naibu wa Chifu, ambaye naye yuko njiani tangu asubuhi. Wenyeviti wa kamati, makatibu wa kamati na kamati zenyewe. Mwalimu Mkuu Bi Nthoki. Wazazi wa Njiru, wageni wetu kutoka Majengo, nanyi wanafunzi mliokaa juani, itifaki yote ihesabiwe kuwa imezingatiwa: hamjambo? (Hatujambo, kwa uvivu.) Sikusikia. (Mtu mmoja anapiga miayo.) Asanteni.

Mimi, kwa wachache wasionijua, ni Caleb Mwangangi, Naibu Mratibu Msaidizi wa Kamati ya Muda ya Kudumu ya Utafiti wa Jamii za Wadudu kwa Picha za Kasi na Teknolojia ya Darasani, cheo ambacho hakijawahi kushikwa na mtu mwingine yeyote, na hata mimi nilikishika kwa mikono miwili. (Makofi ya mtu mmoja. Ni dereva wake.)

Ndugu wananchi, mwaka huu wa 1996, dunia nzima ikikimbilia karne ya ishirini na moja, sisi Njiru tutakaa tu? (Sauti: "Tumesimama. Viti hakuna.") Sawasawa kabisa. Ndiyo maana, baada ya fizibiliti stadi ya kina, upana na urefu, tuligundua kwamba mchwa, huyu huyu mnayemmwagia mafuta taa, ana mfalme, ana malkia, ana askari na vibarua, na hajagoma hata siku moja. Tukaamua kwamba mtoto wa darasa la nne akimwona mchwa huyo kwenye televisheni, darasani, akipigwa picha elfu nane kwa sekunde moja na darubini ya kisasa, kiasi kwamba mchwa akipepesa jicho sisi tumeshaona kabla yake, mtoto huyo atapita mtihani kwa asilimia mia moja na kumi na nne. (Mwalimu Nthoki anainua mkono: "Ni hadubini, Bwana Naibu. Darubini ni ya kuangalia vitu vya mbali.")

Asante, Mwalimu, hilo limenukuliwa. Hadubini, darubini, mwisho wake zote ni bini. (Mama Mumina, muuza mahamri kutoka Majengo: "Na kubini ni kughushi, mwanangu." Kicheko kirefu.) Nashukuru kwa mchango huo wa lugha.

Sasa, yamenifikia manung'uniko madogo madogo kuhusu chumba namba sita, ambacho nilikifunga kwa mkono wangu mwenyewe miaka miwili iliyopita kiwe maabara, na ufunguo ukakaa salama mfukoni mwangu. Kwamba ati darasa la nne, watoto hamsini na wanane, wanasomea kibarazani, na mvua ikinyesha wanarudi nyumbani vitabu wamevificha ndani ya sweta. (Mwalimu Nthoki: "Wavinya, mmoja wao, ameugua kifua wiki nzima. Mimi sitaki mchwa wa televisheni, Bwana Naibu. Nataka chumba.") Nimekusikia, Mwalimu, tena nimekuhurumia, lakini tusipotoshe umma: watoto hao hawako nje, wako katika awamu ya kwanza ya darasa lisilo na kuta. (Watu wanaguna.)

Mnauliza mashine yenyewe ya picha iko wapi. Swali zuri sana. Tumefanya wekshopu kumi na saba, za kukaa na za kulala. Tumefanya monitaringi, tukafanya evaluesheni ya hiyo monitaringi, na asilimia tisini na moja ya wanakamati walisema wameelewa. (Kijana nyuma: "Buda, fungua mlango basi.") Ndilo hasa lililotuleta hapa, kijana. Leo naufungua rasmi.

(Anatia ufunguo. Mlango haufunguki, unaangukia ndani pamoja na fremu yake. Vumbi likitulia, katikati ya chumba kinaonekana kichuguu kilichofika usawa wa dirisha. Hakuna meza, hakuna televisheni, hakuna hata waya.)

Naona, ndugu wananchi, tumevuka lengo. (Mwalimu Nthoki anakwenda kibarazani. Anashika dawati upande mmoja, Mama Mumina anashika upande wa pili, wanaingia nalo.) Mwalimu, subiri, utepe haujakatwa. (Dawati la tano linaingia. La sita. Kijana wa nyuma amepata jembe, anakivunja kichuguu.)

Basi nasema: Mchwa juu! (Mlio wa madawati.) Sayansi juu! (Mlio wa madawati.) Niruhusuni nimalizie kwa shukrani. Nawashukuru wafadhili wetu, ambao tutawajua mara tu tutakapowaandikia ile barua ya ombi, maana haijaandikwa hadi leo, kwa kuwa kamati ilikaa miaka miwili bila kuafikiana kama iandikwe darubini au hadubini, jambo ambalo Mwalimu Nthoki amelimaliza leo bila hata wekshopu moja. Na kwa namna ya pekee nawashukuru mchwa, ambao katika mradi huu wote ndio waliofika kazini. Asanteni sana. Sasa, huu ufunguo, kwa vile mlango haupo, nimkabidhi nani?

(Ndani, Mwalimu Nthoki ameanza kuita majina ya darasa la nne, na wao wanaitikia.)